Kazi ya Hoteli Ng'ambo: Nani Anamdhamini Nani?

(Mazungumzo tuliyoyatoa kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia waliokutana Chaka. Tumeyaandika kwa ombi la vikundi ambavyo havikuweza kufika.)



Wazee wetu, akina mama, akina baba na vijana, tunawashukuru kwa kuacha kazi za shamba na kufika. Tunajua kuna waliotoka Naromoru, Mweiga na Kiganjo kwa matatu za alfajiri. 

Mmezoea kutusikia tukizungumza juu ya ng'ombe wa maziwa, matangi ya maji na vitabu vya hesabu vya kikundi. Leo tunazungumza juu ya kazi za hoteli ng'ambo, kwa sababu ninyi wenyewe mmetuletea swali hilo. Karibu kila kikundi tunachokitembelea, kuna mama au baba anayetuvuta kando na kusema: "Kijana wangu amepata kazi ya hoteli Dubai. Ajenti anataka laki moja na nusu ya viza. Je, kikundi kimkopeshe?"

Swali ni zuri, na jibu lake si "ndiyo" wala "hapana" ya haraka. Basi tulichambue pamoja.

KWENDA SI DHAMBI

Kwanza tuseme wazi: kutafuta kazi mbali si dhambi, na si ujinga. Wana wa Yakobo walifuata chakula Misri wakati wa njaa. Yosefu na Maria walikimbilia huko huko wakiwa na mtoto mchanga. Mwaka 2023 Baba Mtakatifu Fransisko alichagua, kwa Siku ya Wahamiaji na Wakimbizi Duniani, neno juu ya uhuru wa mtu kuchagua: aende au abaki. Tushike neno hilo, uhuru. Mtu aliyedanganywa hakuchagua kitu. Amechaguliwa na mwingine.

Tena kazi ya hoteli sisi watu wa Chaka tunaijua. Ukisimama kando ya barabara hii ya Nyeri kwenda Nanyuki utaona magari yakisimama ili watu wale nyama choma. Vijana wetu wanajua kukata nyama, kusimamia moto, kusonga ugali wa watu 20 na kubeba sahani nne kwa safari moja. Wengine wamefanya kazi katika hoteli za watalii za Nanyuki na Nyeri. Kwa hiyo kijana akisikia kwamba Doha wanatafuta wapishi na maweita, haoni kwamba anaambiwa jambo la ajabu. Na kweli wako Wakenya wanaofanya kazi katika hoteli za huko, wamesomesha wadogo zao na kuwajengea wazazi. Hatuwezi kuwanyima vijana matumaini hayo. Tunachotaka ni kwamba anayekwenda aende kwa mlango.

KOSA LETU WENYEWE

Kabla hatujawaonya ninyi, tuungame letu.

Miaka kadhaa iliyopita mtu mmoja alikuja ofisini kwetu. Alikuwa mtaratibu, amevaa vizuri, anajua sala. Alisema anatafutia vijana kazi za hoteli Uarabuni na akaomba ukumbi wa parokia kwa siku moja. Tukampa. Hatukumwuliza kibali. Hatukupiga simu popote. Tulifikiri tunawasaidia vijana.

Siku ile ukumbi ulijaa. Kila mmoja alitoa shilingi 3,000 za kuandikishwa. Baada ya wiki mbili waliambiwa kwamba baadhi yao wamechaguliwa, na kila aliyechaguliwa alete shilingi 120,000. Tisa walilipa. Saba hawakuondoka kamwe. Simu ya yule bwana ikawa haipatikani. Wawili walifika Dubai kwa viza ya matembezi, wakaosha vyombo katika mkahawa mdogo miezi mitatu bila mshahara, wakarudi kwa nauli iliyochangwa na jamaa zao.

Kati ya waliolipa kulikuwa na mama mmoja mjane, mwanachama wa kikundi chetu cha maziwa. Aliuza ng'ombe na mtamba wake, wale wale waliotokana na mradi wetu. Alipokuja ofisini hakutupigia kelele. Aliweka risiti ya shilingi 3,000 mezani na kusema: "Nilidhani ni yenu. Si ilikuwa kwa kanisa?"

Hatukuwa na jibu. Yule bwana hakuhitaji kutushirikisha katika wizi wake. Alihitaji kivuli chetu tu, na tulimpa bure. Ndiyo maana leo tunawaomba ninyi viongozi: jina la kikundi, ukumbi wa kanisa, muhuri wa chifu, hivi ni mali. Msimwazime mtu msiyemjua.

MDHAMINI NI NANI?

Sasa tuingie kwenye jambo lenyewe. Matangazo yanasema "kazi ya hoteli, viza yenye udhamini". Udhamini maana yake nini?

Ninyi mnajua kuliko sisi. Katika vikundi vyetu hakuna mkopo bila wadhamini. Mama akikopa elfu 20, wenzake wawili wanatia sahihi. Asipolipa, wanalipa wao. Mdhamini ni mtu anayeweka jina lake na mali yake mbele kwa ajili ya mwingine. Je, mmewahi kuona mdhamini anayemwambia mkopaji, "Nipe kwanza elfu 50, ndipo nikudhamini"? (Watu walicheka.)

Basi viza ya kazi ni hivyo hivyo. Mwenye hoteli anakwenda kwa serikali yake na kusema: "Nahitaji mpishi. Nimempata mtu kutoka Kenya. Nipeni ruhusa nimlete, nami nitamwajiri na kumlipa." Serikali ikikubali, anatuma karatasi. Kwa hiyo karatasi inaanzia kule, kwa mwenye kazi, inakuja huku. Haianzii Chaka kwenda kule. Anayemdhamini mfanyakazi ni mwajiri. Ukiona mfanyakazi ndiye anayeununua udhamini, jua kwamba mambo yamepinduliwa.

Hili halikutungwa na sisi. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unaweka kanuni kwamba shirika linalotafutia watu kazi lisimtoze mfanyakazi, isipokuwa pale serikali inaporuhusu kwa sababu maalumu. Sheria ya kazi ya Falme za Kiarabu, namba 33 ya mwaka 2021, inakataza kumtoza mfanyakazi gharama za kuajiriwa, moja kwa moja au kwa njia ya kuzunguka. Yaani hata kule Dubai ambako ajenti anasema "ndivyo kulivyo", sheria inasema sivyo.

Je, mfanyakazi halipi kitu kabisa? Hulipa vitu vyake mwenyewe: pasipoti, cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi, picha, nauli ya kwenda Nairobi. Pasipoti na cheti hicho huombwa kupitia eCitizen, na pesa huingia serikalini. Kwa nchi nyingine, kama Uingereza, mwombaji hulipa ada ya maombi ya viza yake, lakini huilipa kwa njia rasmi na kupewa risiti yenye jina lake. Hampi mtu mkononi, wala haitumi kwa M-Pesa ya mtu binafsi.

NCHI KWA NCHI, KWA UFUPI

Tumeulizwa sana juu ya nchi mbalimbali. Tutasema machache tunayoyajua.

Qatar. Tangu Machi 2021 kuna mshahara wa chini wa riali 1,000 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi. Mwajiri asiyetoa malazi huongeza riali 500, na asiyetoa chakula huongeza riali 300. Sheria yao inakataza mwajiri kumnyang'anya mfanyakazi pasipoti. Tangu mwaka 2020 mfanyakazi anaweza kuhamia kwa mwajiri mwingine bila barua ya ruhusa ya yule wa kwanza, ingawa lazima atoe taarifa mapema.

Falme za Kiarabu, yaani Dubai, Abu Dhabi na nyinginezo. Kazi halali huanza na barua ya ajira iliyopitia wizara ya kazi ya huko. Viza ya matembezi hairuhusu kazi. Ajenti akisema, "Nenda na ya matembezi, utabadilisha ukifika", anakutupa mahali ambapo huwezi hata kumshtaki asiyekulipa bila kuogopa kwamba wewe ndiwe mkosaji.

Uingereza. Weita hakuwahi kuwemo kwenye orodha ya kazi za viza ya wafanyakazi wenye ujuzi. Wapishi walikuwemo, lakini mshahara uliotakiwa ulipandishwa sana Aprili 2024, na tangu tarehe 22 Julai 2025 maombi mapya ya wapishi kutoka nje hayapokelewi tena kwa viza hiyo. Kwa hiyo ajenti anayeuza leo "kazi ya uweita London pamoja na udhamini" anauza hewa.

Kanada. Mwajiri huomba kwanza ruhusa ya serikali kuonyesha kwamba amekosa mtu wa kwao. Ada ya ombi hilo ni dola 1,000 kwa kila nafasi, inalipwa na mwajiri, naye haruhusiwi kumdai mfanyakazi airudishe. Tangu Septemba 2024 serikali ya huko imebana sana maombi ya kazi za mshahara mdogo, hasa katika miji yenye watu wengi wasio na kazi. Nafasi za mikahawa zimepungua, ingawa matangazo hayajapungua.

Ujerumani. Tarehe 13 Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia sahihi mkataba wa uhamiaji wa wafanyakazi. Mara habari zikaenea kwamba Wakenya 250,000 watapewa kazi. Serikali ya Ujerumani yenyewe ilikanusha: mkataba hautaji idadi yoyote. Lakini kuna njia ya kweli kwa kijana mvumilivu. Mtu huweza kujifunza upishi kazini kwa miaka 3 huku akilipwa posho ya mwanafunzi kila mwezi. Anatakiwa ajue Kijerumani vizuri kabla ya kwenda. Hapo hakuna njia ya mkato.

JINA LA KAZI SI KAZI

Kuna jambo la kuogopesha zaidi ya kupoteza pesa. Mwaka 2022 serikali yetu iliwaonya wananchi baada ya Wakenya walioahidiwa kazi nzuri Thailand kuvushwa hadi Myanmar na kufungiwa katika majumba ya kutapeli watu kwa kompyuta. Mwaka 2025 wengine wengi walikuwa bado wanaokolewa huko. Na Oktoba 2024 shirika la habari la AP lilieleza habari za wasichana wa Kiafrika waliovutwa na matangazo ya mtandaoni kwenda Alabuga, nchini Urusi, kusoma huku wakifanya kazi za hoteli na upishi. Walipofika, wengi waliwekwa kiwandani kuunda ndege za vita zisizo na rubani.

Jina "hoteli" linapendwa na walaghai kwa sababu halimtishi mzazi. Hoteli ni chakula, ni usafi, ni kazi ya heshima. Kwa hiyo tusiulize tu, "Ni kazi gani?" Tuulize: hoteli inaitwaje? Iko mtaa gani? Meneja ni nani? Tukipiga simu kwenye namba ya hoteli yenyewe, tuliyoitafuta sisi wenyewe na si ile tuliyopewa na ajenti, watasema wanamjua kijana wetu?

TUPIGE HESABU

Turudi kwa mama aliyetuuliza juu ya laki moja na nusu. Chukueni kalamu.

Riali 1,000 za Qatar ni karibu shilingi 35,000 kwa thamani ya pesa ya miaka hii. Tuseme kijana anapata mshahara huo wa chini, na chakula na malazi anapewa. Shilingi 150,000 ni mshahara wake mzima wa miezi minne na zaidi. Tuseme kikundi kinatoza shilingi 5 kwa kila 100 kwa mwezi. Mwezi wa kwanza riba peke yake ni shilingi 7,500. Akituma 20,000 kila mwezi za kulipa deni tu, itamchukua karibu miezi 10 kulimaliza. Hapo tumesema analipwa tangu mwezi wa kwanza, haugui, na mkataba ni ule ule alioonyeshwa hapa. Miezi 10 hiyo mzazi hapati karo, hapati mbolea. Na mkataba wenyewe mara nyingi ni wa miaka miwili.

Sasa ongezeni hatari hii: kijana mwenye deni nyumbani hawezi kukataa neno lolote. Akiambiwa afanye saa 16, anafanya. Akiambiwa mshahara utangoja, anangoja. Anafikiria ng'ombe aliyewekwa rehani. Deni ndilo kamba wanayomfungia. Kwa hiyo kikundi kinachomkopesha pesa za "viza" kinaweza kuwa kinaisokota kamba hiyo bila kujua.

Hapa Chaka hakuna mtu anayelipia kilo ya nyama bila kuiona ikining'inia na kupimwa. Mbona tunalipia laki moja na nusu kwa mbuzi aliye kwenye gunia?

MAMBO MATANO YA KUKAGUA

Kijana akija na habari ya kazi, kikundi kikague haya:

1. Kibali cha ajenti. Mashirika ya kutafutia watu kazi huandikishwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Orodha yao iko kwenye tovuti ya mamlaka hiyo. Angalieni jina lenyewe, na tarehe. Kibali cha kale si kibali. Mwaka 2014 serikali ilifuta vibali vya mashirika 930 kwa siku moja; karatasi zao zilibaki zikining'inia ukutani kama kawaida.

2. Mkataba. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 83, inataka mkataba wa kazi ya nje ya Kenya uandikwe, utiwe sahihi na pande zote mbili, na uthibitishwe na ofisa wa kazi. Ofisa huyo anatakiwa aridhike kwamba mfanyakazi ameuelewa na hakudanganywa wala kulazimishwa. Ofisi ya kazi iko Nyeri mjini. Ajenti asiyetaka kwenda huko anaogopa nini?

3. Viza. Someni imeandikwa nini. Ni ya kazi au ya matembezi? Jina la mwajiri ni lile lile la kwenye mkataba?

4. Mshahara, saa za kazi, siku ya mapumziko, malazi, matibabu na tikiti ya kurudi. Yote yawe yameandikwa. Ahadi ya mdomo haivuki bahari. Kijana akifika akipewa mkataba mwingine wenye mshahara mdogo, asitie sahihi kabla ya kuupiga picha na kuutuma nyumbani.

5. Pasipoti. Nani ataishika? Ni ya kijana. Nakala mbili zibaki nyumbani.

KIKUNDI KIFANYE NINI

Kila kikundi kichague watu watatu wa kukagua habari za safari. Wawili wawe wanaojua kusoma mikataba, na mmoja awe mama mzee asiyeogopa kuuliza. Tumeona cucu mmoja akimkimbiza ajenti kwa swali moja tu: "Wewe mwenyewe mama yako anakaa wapi, tumtembelee?"

Pili, kikundi kiweke kanuni katika katiba yake: mkopo wa kununua viza au udhamini hautolewi. Lakini mkopo wa pasipoti, wa masomo ya lugha, wa kozi ya upishi au wa mtihani wa ujuzi wa NITA utolewe kwa furaha. Pesa hizo hazipotei hata safari ikishindikana. Kijana mwenye cheti na barua ya miaka miwili ya kazi kutoka hoteli ya Nanyuki au hapa Chaka ana kitu mkononi. Mwajiri wa kweli humtafuta mtu wa namna hiyo. Yule anayesema hahitaji cheti, hahitaji uzoefu, anahitaji pesa tu, amejitaja mwenyewe.

Tatu, msifanye harambee ya safari mpaka watu watatu wale wameona mkataba uliothibitishwa. Harambee ikishafanywa, kijana hawezi tena kusema, "Nimeona si salama, sitakwenda." Aibu inamsukuma kwenye ndege. Mpeni nafasi ya kurudi nyuma.

Nne, msikate mawasiliano. Mpangiane siku ya simu kila wiki, na neno la siri ambalo akilitaja mtajua yuko taabani ingawa anasema yuko salama. Awe na namba za ubalozi wetu kabla ya kuondoka. Kenya ina ubalozi Doha na Abu Dhabi, na ofisi ya konseli Dubai.

WALIORUDI MIKONO MITUPU

Neno la mwisho ni juu ya waliokwisha kuumia. Wako miongoni mwetu, na wengi wamenyamaza kwa aibu. Jirani anacheka: "Si ulisema unaenda majuu?" Tuache hilo. Anayeibiwa njiani si mwizi. Wale wawili waliorudi kutoka Dubai, mmoja sasa ana kibanda chake cha chai na chapati, na ndiye anayetusaidia kuwaonya wengine. Vijana wanamsikiliza kuliko wanavyotusikiliza sisi.

Aliyetapeliwa aandike kila kitu: majina, namba za simu, tarehe, ujumbe wa M-Pesa. Aende polisi na kwa ofisa wa kazi, na asiende peke yake, kikundi kimsindikize. Sheria ya mwaka 2010 ya kupambana na usafirishaji haramu wa binadamu ni kali: mwenye hatia hupata kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Lakini sheria haina meno kama hakuna anayeandika taarifa.

Na yule mama mjane? Wanakikundi wenzake walimrudishia ndama mmoja kwa zamu. Sisi tulichanga mifukoni mwetu, na halmashauri ya parokia ikapitisha kwamba ukumbi hautolewi tena kwa mtu wa kazi za nje bila kibali chake kukaguliwa. Tulipokwenda kumwomba msamaha alitukaribisha chai. Hatukusema mengi. Alituuliza tu: "Mtawaambia na wale wa vikundi vingine?" Basi leo tumewaambia.

Tarehe 8 Februari kila mwaka Kanisa linamkumbuka Mtakatifu Yosefina Bakhita, binti wa Sudan aliyeibwa akiwa mtoto na kuuzwa mara kadhaa. Tangu mwaka 2015 siku hiyo ni ya kuombea wanaouzwa na kununuliwa hata leo. Tunapendekeza siku hiyo kila kikundi kisali, kisha kifungue katiba yake na kuandika kanuni ya safari. Sala na kalamu viende pamoja.

 Mungu abariki vikundi vyenu na vijana wenu, wanaobaki na wanaokwenda.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Katika kijiji chetu, ni nani wamekwenda kufanya kazi ng'ambo? Walipitia njia gani, na nani alilipa?

2. Je, kikundi chetu kimewahi kutoa mkopo wa viza? Ulirudi?

3. Ni watu gani watatu tutakaowachagua kukagua habari za safari?

4. Kijana anayetaka kazi ya hoteli anaweza kuanza kujifunza wapi karibu nasi, na kikundi kimsaidieje?

5. Je, yuko aliyerudi na kunyamaza? Nani atamtembelea wiki hii?